Kiwanja kisicho na mwenyewe: historia ya utafiti wa bustani za mboga katika Katanga yetu

Ndugu wasikilizaji wa Kamina, na ninyi familia mliokimbia makwenu mkapokelewa hapa, kiangazi kikifika swali linakuwa moja kila mtaa: wapi kuna maji, na wapi kuna kiwanja kisicho na mwenyewe, tupande lengalenga. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua hakuna, mboga inapanda bei, na tuta tatu au nne zinaweza kununua chumvi, sabuni na daftari la mtoto. Kiwanja hicho kisicho na mwenyewe ndicho kilichonifanya niandike habari hii.

Wakati wa Wabelgiji, utafiti wa kilimo haukuanzia kwenye mboga. Mwaka 1933 waliunda taasisi ya INEAC, kituo chake kikuu cha utafiti kikiwa Yangambi kando ya mto Kongo. Ilifika hata Kaniama, hapa kwetu Haut-Lomami, ambako katika miaka ya 1940 wataalamu wake walichunguza udongo na mimea na kuchora ramani. Kazi ile ilikuwa nzuri. Lakini nguvu nyingi zilikwenda kwa mazao ya kuuza ng'ambo: mawese, kahawa, mpira, pamba. Na pamba, wazee wetu wanajua, ililimwa kwa lazima tangu 1917. Lengalenga na matembele zilihesabiwa kuwa kazi ya wamama, na kazi ya wamama ilipewa nafasi ndogo sana. Baada ya uhuru INEAC ikageuka INERA, nayo ikadhoofika pamoja na nchi.

Mboga zilipata watafiti wakati wa shida. Gécamines ilipoanguka katika miaka ya 1990 na mishahara kukatika, wakaaji wa Lubumbashi na Likasi walishika jembe. Kuanzia 2000, FAO ikaendesha mradi wa bustani za mijini kwa fedha za Ubelgiji, katika Kinshasa, Lubumbashi, Likasi, Kisangani na Mbanza-Ngungu. Kamina haikuwemo.

Hapo ndipo jambo lingine lilipojitokeza. Tanuru la shaba la Lubumbashi liliwashwa mwaka 1911. Kwa miaka mingi upepo wa kusini-mashariki ulibeba moshi wake na kuushusha upande mmoja wa mji, hata mtaa wa Penga Penga ukabaki na sehemu ambapo majani hayaoti. Vumbi lile lina shaba, kobalti, zinki, risasi na kadimiamu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kama Michel Mpundu na Mylor Shutcha, walianza kupima udongo na mimea ya huko. Mwaka 2009, daktari Célestin Banza wa chuo hichohicho na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kupima mkojo wa watu 351 wa Katanga: 179 wanaokaa karibu na migodi au viwanda, 112 wanaokaa mbali kidogo, na 60 wa vijiji visivyo na migodi. Walio karibu ndio waliokuwa na kobalti nyingi kupita wote, watoto pia. Uchunguzi uliofuata, wa 2014, ulionyesha kwamba penye uchafu wa viwanda, kobalti nyingi inaingia mwilini kwa njia ya chakula, hasa mboga zilizolimwa palepale. Watoto wanaongezewa na vumbi.

Nadhani habari hii ingepaswa kusomwa sokoni, si kubaki katika majarida.

Wataalamu hawakuishia kulaumu. Penga Penga walijaribu kupanda nyasi zinazostahimili shaba, baada ya kutia chokaa na mboji, ili vumbi lisipeperuke. Katika bustani, chokaa inapunguza uchachu wa udongo, na udongo ukipungua uchachu, madini mengi hayapandi kirahisi kwenye mizizi. Mboji inakamata shaba vizuri sana. Kadimiamu ni mkaidi zaidi. Mboga za majani kwa kawaida hukusanya sumu kuliko zile za matunda, kama tomati. Na hapa wamama wanisikilize: kuosha majani kunaondoa vumbi la juu, lakini kile ambacho mzizi umekwisha kunywa hakiondoki kwa maji.

Mtu atasema, Kamina si mji wa shaba. Ni kweli, sisi tulikuzwa na reli. Lakini viwanja visivyo na mwenyewe vipo kwetu pia: nyuma ya gereji ambapo mafuta machafu yanamwagwa, kwenye majalala ya zamani, mahali wanapovunja betri za gari ili kupata risasi. Mwenyeji hapalimi kwa sababu anakumbuka palikuwa na nini. Mgeni aliyefika juzi na watoto watano hana kumbukumbu hiyo, na hakuna anayemwambia.

Kupima udongo ni gharama. Kuuliza hakulipishwi. Kabla ya kuchimba tuta la kwanza, mwendee chifu wa mtaa au mzee jirani, umuulize hapa palikuwa na nini miaka ishirini iliyopita, na maji haya yanatoka wapi. Na wewe mwenyeji, ukimwona mama anafyeka nyuma ya gereji, usipite kimya.