Bagika, Bagalu na Uwanja Mmoja

Mwezi wa Juni ukiingia Usukumani, mtama umeshapurwa, pamba imeanza kwenda mizani, na watu wana nafasi na visenti mfukoni. Ndipo ngoma za mazoezi zinaposikika usiku kuanzia Kishapu na Shinyanga Vijijini hadi Kahama, na kuelekea magharibi hadi vijiji vya Geita. Msimu wa mbina, kama ngoma zinavyoitwa kwa Kisukuma, hauhitaji ratiba ya ligi. Unahitaji mpinzani.

Makundi mawili hupewa uwanja mmoja kwa saa zilezile. Hayapokezani zamu. Kila moja linashika upande wake, ngoma zinaanza kwa pamoja, na watazamaji wamejaa katikati. Upande huu ukitoa kituko, watu wanakimbilia huku. Upande wa pili ukijibu kwa kituko kikubwa zaidi, vumbi linatimka: watoto mbele, vijana wenye baiskeli nyuma yao, kina mama na watoto mgongoni wakifuata, wote wamehamia kule. Jua likikaribia kuzama, kundi lililozungukwa na umati mkubwa ndilo lililoshinda. Hakuna jaji, hakuna alama, wala hakuna pa kukata rufaa.

Michezo mingine inayochanganya mwili na muziki ilichagua njia tofauti. Chen Lu, binti wa Changchun aliyezaliwa mwaka 1976, alikuwa akiteleza kwa madaha juu ya barafu mbele ya majaji tisa waliotoa alama zisizozidi 6.0. Kwa utaratibu huo alipata ubingwa wa dunia mwaka 1995 na medali za shaba katika Olimpiki za 1994 na 1998, akiwa Mchina wa kwanza kupata medali ya Olimpiki katika mchezo huo. Lakini mwaka 2002, kwenye Olimpiki za Salt Lake City, jaji mmoja wa Ufaransa alidai ameshinikizwa katika kura yake. Ikabidi dhahabu wapewe wachezaji wa jozi mbili, na mfumo wa 6.0 ukaja kutupwa. Mzee wa Kisukuma angeuliza tu kwa nini watu tisa walipewa kazi ya watu elfu.

Karibu kila kundi la ngoma Usukumani, liwe la majembe, la nyoka au la wawindaji wa nungunungu, liko chini ya moja ya pande mbili: Bagika au Bagalu. Simulizi inaupeleka mgawanyiko huo katikati ya karne ya 19, kwa waganga wawili, Ngika na Gumha, ambao pia walikuwa manju, yaani watunzi na viongozi wa ngoma. Walishindana kuonyesha dawa ya nani ina nguvu zaidi, na kipimo kilikuwa ngoma: atakayevuta watu wengi ndiye mwenye dawa. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu. Ukilitazama jambo hili kwa makini, utaratibu mzima wa uwanjani unaeleweka. Umati haukuletwa pale kuwapigia makofi wachezaji. Uliletwa kama mizani ya dawa, na mizani haiwezi kukaa meza kuu ikaandika alama kwenye karatasi.

Pande mbili zinazoshindana si jambo geni Afrika Mashariki. Pwani walikuwa na ngoma ya beni, na ndani ya beni makundi ya Marini na Arinoti, yaliyochuana kwa magwaride, sare na nyimbo za kejeli tangu Lamu hadi Dar es Salaam, kisha askari na makarani wakaipeleka bara. Beni ilififia. Mgika na Mgalu bado wapo, na wanaozana, wanazikana na kukopeshana ng'ombe, ila siku ya ngoma kila mtu anajua upande wake, kama ilivyo kwa Simba na Yanga.

Dawa nayo haijaondoka. Kabla ya msimu manju humwendea nfumu, yaani mganga, kutafuta kinga na mvuto, na wachezaji huoshwa kwa miti waliyopewa. Wakristo na Waislamu wengi wanalipinga jambo hilo, wengine wanalipinga mchana tu. Hata hivyo manju anayetegemea dawa bila mazoezi anajulikana mapema, kwa sababu saa mbili tu zikipita anabaki na ndugu zake.

Katika ngoma zote, iliyosafiri mbali zaidi ni bugobogobo ya Bagalu, na chimbuko lake ni shamba. Vijana wa kijiji walilima kwa vikundi, chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, wakipokezana mashamba ya wenyeji waliowalipa kwa chakula, ng'ombe au fedha. Mpigaji alisimama mbele ya mstari wa walimaji, akarudi kinyumenyume kadiri walivyosonga mbele, na majembe yakashuka kwa mpigo wa ngoma. Mwenye kupitwa alichekwa papo hapo, kwa wimbo. Ushindani wa shambani ukahamia uwanjani bila kubadili chombo. Mchezaji wa bugobogobo huingia na jembe lenye mpini, akalirusha juu likazunguka, akalidaka kwa mkono uleule bila kulitazama. Akalizungusha mgongoni, akalisimamisha kidevuni, akapiga magoti na kuinuka nalo likiwa bado wima. Njuga miguuni hazikosei hata mara moja. Jembe ni la chuma, na likianguka linaangukia mguu wa mtu.

Jembe hilo lina historia yake Geita. Kabla majembe ya viwandani hayajaja na meli na reli, wafuaji chuma mashuhuri wa eneo hili walikuwa Barongo, waliochimba na kuyeyusha chuma katika nchi ya Uzinza na sehemu za Geita na Kahama. Jembe lao lilinunua mbuzi, lililipa mahari na lilisafiri na wapagazi wa Kisukuma na Kinyamwezi katika njia za misafara ya kwenda pwani. Watu wa leo wanaposikia Geita wanafikiria dhahabu. Kwa mkulima wa Shinyanga wa wakati ule, chuma ndicho kilichokuwa na maana.

Bayeye walikuja na kitu kingine kabisa: nyoka. Chama chao, Buyeye, kilikuwa cha watu wanaojua kukamata nyoka na kutibu sumu, chenye siri na mafunzo yake, na mwaka 1946 Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyefanya kazi na serikali ya kikoloni, alichapisha makala kukihusu. Uwanjani siri haisaidii. Kinachohitajika ni chatu. Sanduku la mbao linaletwa limefungwa, linawekwa chini, na mchezaji analizunguka kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Anajua anachofanya. Upande wa pili wameanza kupungukiwa na watu kabla hata kifuniko hakijafunguliwa. Chatu akishatoka, akazungushwa shingoni na kichwa chake kuingizwa mdomoni, vita imekwisha, labda wapinzani wawe na fisi.

Na fisi aliwahi kuletwa. Makundi yametumia miti mirefu ya kutembelea, moto wa kumezwa, vinyago vyenye viungo vinavyochezeshwa, nungunungu hai. Baadhi ya vinyago hivyo leo viko kwenye makumbusho za Ulaya na Marekani, vimewekwa chini ya taa, na sidhani kama mtazamaji anaambiwa kwamba vilichongwa ili kumwaibisha jirani.

Nyimbo ndizo zenye kisu. Manju hutunga mwaka mzima, na sehemu ya kazi yake ni kukusanya habari za mpinzani: deni lake, mke aliyemkimbia, msimu aliozomewa. Yote yanakuja kuimbwa mbele yake, naye anatakiwa kujibu kwa wimbo papo hapo. Mtafiti wa Marekani, Frank Gunderson, alichapisha mwaka 2010 kitabu kikubwa chenye mamia ya nyimbo za kazi za Wasukuma, na ukikisoma unakuta kwamba manju ni mwandishi wa habari, mwanasiasa na mchonganishi kwa wakati mmoja.

Wakoloni waliiona ngoma kama tatizo na kama nguvu kazi, kutegemea siku. Shinyanga ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, na miaka ya 1920 na 1930 maelfu ya watu walikusanywa kufyeka mapori ili kumfukuza mdudu huyo, watemi kama Makwaia wa Busiya wakihimiza. Watu waliozoea kulima kwa ngoma walifyeka kwa ngoma. Baadaye ardhi iliyosafishwa upande wa Geita ikafunguliwa kwa makazi, hasa baada ya serikali kuanzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma mwishoni mwa miaka ya 1940. Familia zikavuka na ng'ombe zao, na ugomvi wa Bagika na Bagalu ukavuka nazo. Kazi za mshahara nazo zilikuwapo: mgodi wa dhahabu wa Geita ulifanya kazi toka 1936 hadi 1966, na Mwadui ikaanza kutoa almasi baada ya John Williamson kuigundua mwaka 1940.

Kanisa lilichukua njia ndefu zaidi. Wamisionari wa mwanzo walikuwa wakiwakataza waumini wao kwenda ngomani, na si ajabu, maana ngoma bila mganga ilikuwa haijulikani. Aliyegeuza mambo ni Padri David Clement, aliyeanzisha parokia ya Bujora, karibu na Kisesa upande wa Mwanza, na mwaka 1954 akakusanya wazee katika kamati ya utafiti wa mila za Kisukuma iliyozaa makumbusho. Clement aliona kwamba sikukuu ya Ekaristi huangukia karibu na mwanzo wa msimu wa mbina. Akaunganisha maandamano ya Ekaristi na mashindano ya ngoma, na hiyo ndiyo Bulabo. Asubuhi misa na maua, mchana Bagika na Bagalu. Hakuwafuta wapinzani wala hakuwapatanisha. Aliwapa uwanja.

Uhuru ulileta mlezi mpya. Mwaka 1962 Nyerere aliunda wizara ya utamaduni na kulalamika kwamba wasomi walifundishwa kucheza dansi za Kizungu huku ngoma za kwao hawazijui. Mwaka uliofuata madaraka ya watemi yakafutwa, na ngoma zikapoteza waliokuwa wakizilisha. Sabasaba ikawa siku kubwa ya mashindano. China nayo ikaingia katika hadithi hii kwa mlango wake: vijana wa Kitanzania walipelekwa huko kujifunza sarakasi, na mwaka 1969 kundi la taifa la sarakasi likaundwa kukaa pamoja na kundi la taifa la ngoma. Hapo ndipo jukwaa la kisasa lilipoanza kuimeza mbina. Bugobogobo iliyochezwa jukwaani ilikuwa fupi na safi, yenye mwanzo na mwisho uliopangwa. Ilipendeza sana. Lakini mpinzani alikuwa ameachwa Usukumani. Makundi ya taifa yalivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na kazi ya kufundisha ngoma hizo ikahamia Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981.

Dhahabu ilirudi na watu wengi kuliko kwanza. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi ikaibadili Kahama, na Geita ikawa mkoa mwaka 2012. Kijana wa Kisukuma anayeshinda duarani akichimba ana fedha ya kumwita msanii harusini, na wasanii wa nyimbo za Kisukuma kama Bhudagala na Ng'wana Kang'wa wanasikika kwenye bodaboda na kwenye simu kuliko manju yeyote wa zamani. Kinanda kimechukua nafasi ya ngoma nyingi, ila vijembe ni vilevile, na mashabiki bado wanagawanyika pande.

Bulabo nayo imekua. Tarehe 8 Septemba 2021, kwenye tamasha la utamaduni lililofanyika Kisesa, machifu walimpa Rais Samia Suluhu Hassan jina la Chifu Hangaya, na toka hapo viongozi, wafadhili na kamera hawakosekani kwenye shughuli za ngoma. Hayo ni mazuri. Tatizo ni kwamba mgeni rasmi anahitaji ratiba, na ratiba inaua mbina. Kundi la kwanza dakika kumi, la pili dakika kumi, watazamaji wamekaa kwenye viti chini ya mahema, na mshindi anatangazwa na kamati. Watu wa Kishapu na Geita wanaokuja kucheza kwenye sherehe hizo wanajua kwamba walichokifanya pale ni maonyesho, na wanarudi kijijini kushindana.

Halmashauri za Shinyanga na Geita huandaa maonyesho na sherehe kila mwaka, zenye viwanja vikubwa na watu wengi wanaotafuta burudani mabanda yakishafungwa. Zitenge alasiri moja, ziondoe viti na spika, ziwaite Bagika na Bagalu waanze kwa wakati mmoja, na waamuzi wawe watazamaji wenyewe.