Bunduki ya Kujikoki na Bega la Mashoto

Magazeti yetu yamezoea kuandika "bunduki nusu otomatiki", na msomaji wa Chakol, anayeishi karibu na vituo viwili vya mpakani, Busia na Malaba, hulipita neno hilo bila kujikwaa kwa kuwa amelisikia mno. Mwulize nusu hiyo ni nusu ya nini, atababaika, wala si kosa lake. Hakuna risasi iliyokatwa vipande viwili, wala kasi iliyopunguzwa. Bunduki ya aina hii hufyatua risasi moja kila kifyatulio kinapobonyezwa, kisha yenyewe hutema ganda tupu, huchukua risasi nyingine kwenye magazini na kuiingiza mahali pake. Kazi hiyo ya kuvuta bolti na kuiachia irudi, askari na wahariri wa habari za uhalifu wana neno lake la kila siku: kukoki. Basi bunduki inayoifanya bila kusaidiwa na mkono ni bunduki ya kujikoki. Wapo wanaopendelea "kujipakia", lakini katika mji kama Malaba kupakia ni shughuli ya malori, na bunduki haisafirishi shehena. Wengine watalalamika kwamba kukoki ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Ni kweli, na bunduki nayo ni Kiarabu, ila hakuna anayeikataa kwa sababu hiyo. Tena mafundi wa bomba wana koki yao, na sijasikia mtu akizichanganya.

Umuhimu wa jina linalotaja kazi unaonekana hasa kwa mtu wa mashoto. Jina la "nusu" halimwambii chochote, ilhali "kujikoki" linamlazimisha kuuliza: ikijikoki, ganda linatokea upande gani? Kwenye bunduki ya kukoki kwa mkono, mlengaji ndiye anayefungua bolti, kwa wakati anaoutaka, hata akiwa ameshainua kichwa. Kwenye ya kujikoki, ganda la moto huchomoka kufumba na kufumbua, shavu likiwa bado limelala juu ya kitako. Viwanda vingi vimetoboa tundu la kutolea ganda upande wa kulia, kwa kuwa takriban watu tisa katika kumi hutumia mkono wa kulia. Mtu wa mkono wa kulia huegemeza shavu upande wa kushoto wa kitako, mbali na tundu. Mashoto hukaa upande ule ule wa tundu, na ganda, moshi na chembe za baruti hupita mbele ya uso wake.

Hayo si malalamiko ya watu wachache wanaodeka. Jeshi la Marekani lilipoiboresha M16 kuwa M16A2 katika miaka ya 1980, liliongeza nundu ndogo nyuma ya tundu ili maganda yasimpige mlengaji wa mashoto. Uingereza ilikwenda njia nyingine: bunduki yake ya SA80, ambayo wanajeshi wake huja nayo kufanya mazoezi Nanyuki, ina bolti iliyo karibu sana na uso, hivi kwamba haiwezi kupigwa kwa usalama kutoka bega la kushoto. Kila mwanajeshi, awe wa mashoto au la, hufundishwa bega la kulia. Kwa upande mwingine, AK-47 inawashangaza wanaodhani kila silaha imemsahau mashoto. Mpini wake wa kukokia uko kulia, na mashoto, ambaye mkono wake wa kushoto uko kwenye kifyatulio, huufikia kwa mkono wa kulia bila kubadili mshiko. Mtu wa mkono wa kulia ndiye anayelazimika kuachia kifyatulio, au kupitisha mkono wa kushoto juu au chini ya bunduki.

Tukija kwenye bunduki ndogo, lazima kwanza tutegue neno "ndogo", maana nalo lina hila. Kipenyo cha mtutu, ambacho wengi hukiita kaliba, hupima upana tu. Risasi ya .22 inayotumika kwa shabaha na wanyama wadogo, na ile ya 5.56 ya kijeshi, hukaribiana sana kwa upana, zote zikiwa na milimita zisizofika sita. Lakini ya kwanza hutoka na nishati ya juli kama 150 hadi 200, na ya pili kama 1,700. Ukisema "kipenyo kidogo" bila kutaja aina ya risasi, umemwambia msikilizaji upana wa mlango ukamwacha akisie ukubwa wa nyumba.

Kwenye .22 ya kujikoki, msukumo wa ganda lenyewe ndio unaorudisha bolti nyuma, na baruti yake huacha masizi mengi. Teke lake ni dogo, ila mashoto hupata vumbi la moto usoni zaidi kuliko anavyotarajia kwa silaha tulivu kama hiyo. Ningemshauri aanze kutazama tundu kabla ya kutazama bei. Bunduki iliyobuniwa na John Browning na kuanza kutengenezwa na FN ya Ubelgiji mwaka 1914 hutema maganda chini, na suala zima la kulia au kushoto likaisha, ingawa ganda huweza kumwingia mlengaji kwenye mkono wa shati. Ruger 10/22, iliyotoka 1964, hutema kulia na mpini wake uko kulia. Mashoto huimudu, mradi avae miwani ya kinga na azoee kitufe cha usalama kilichopangwa kwa kidole cha mtu mwingine. Kitufe hubadilishika, lakini tundu limetobolewa kwenye mwili wa bunduki na halihamishiki.

Kuna watakaosema dawa ni rahisi: mashoto ajifunze bega la kulia, kama wanajeshi wa Uingereza. Jibu liko jichoni. Karibu theluthi moja ya watu hulenga vizuri zaidi kwa jicho la kushoto, wakiwemo wengi wanaoandika kwa mkono wa kulia. Bunduki hufuata jicho kabla ya kufuata mkono. Kumhamisha bega mtu ambaye jicho lake kuu ni la kushoto ni kumfundisha ajitahidi kukosa. Jeshi lina sababu zake za kutaka silaha ya aina moja kwa wote, lakini mlengaji wa michezo hana.

Pingamizi zito zaidi ni la istilahi yenyewe. Rashasha nayo hujikoki, kwa nini basi jina liwe la moja tu? Pingamizi hili nalikubali, na ndiyo maana maneno yanapaswa kuwa mawili: ya kujikoki ya risasi moja-moja, na ya kujikoki ya mfululizo. Tofauti hiyo ina uzito wa kisheria. Katika Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, Kenya, Uganda na majirani zao waliahidi kupiga marufuku raia kumiliki bunduki ndefu za aina zote mbili, bila kubagua kipenyo. Kwa maneno hayo, .22 ya kujikoki, pamoja na udogo wake, imo. Nyumbani, Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, inadai cheti kwa silaha yoyote, na cheti cha Kenya hakivuki mpaka wa Malaba, kwani Uganda ina sheria yake ya mwaka 1970. Raia wa mashoto wa Chakol anayetaka kulenga shabaha kihalali afadhali aombe ya kukoki kwa mkono, kisha atafute kiwanda kilichoweka mpini wa bolti kushoto.