Maktaba bila rezo: namna kazi ya watunza vitabu inageuka

Mtu wa Masisi anajua: rezo ikikatika, Google haisaidie kitu. Watunza vitabu nao walikutana na shida hiyo, na hawakungojea mnara mpya.

Mwaka 2014, shirika la Ufaransa Bibliothèques Sans Frontières, pamoja na HCR, lilipeleka Ideas Box za kwanza katika kambi za wakimbizi Wakongomani huko Burundi. Ni masanduku yenye rangi, yaliyochorwa na Mfaransa Philippe Starck. Ndani yake muko vitabu vya karatasi, tableti, ordinateri, sinema na seva ndogo. Seva ile inatoa wifi yake yenyewe; simu inashika, hata kama intaneti ya kweli haiko.

Zamani mtunza vitabu alipanga rafu na kuandika nani alibeba kitabu gani. Sasa anachunga chaji, tena anachagua nini iingie kwenye seva. Hapo ndipo kuna uzito. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, lakini ni ndogo sana mbele ya ile ya Kifaransa. Mwanafunzi wa Exetat atafurahia Kifaransa. Mfugaji mwenye ng'ombe mgonjwa, ambaye Kifaransa kinamupita, atarudi mikono mitupu.

Mwenye simu tu naye anaweza kujaribu. Kiwix, programu ya bure iliyoanza 2007, inafungua Wikipedia bila konekisyo. Faili inapakuliwa mara moja mjini, Goma kwa mfano, kisha majirani wanapeana simu kwa simu bila kulipa mega.