Rupia ya Fedha na Kibarua wa Nakuru

Kabla ya shilingi, Nakuru ilihesabu kwa rupia. Reli ya Uganda ilipofika hapa mwaka 1900, mafundi na vibarua waliotoka Bara Hindi walilipwa rupia, wenye maduka wakauza kwa rupia, na serikali ya kikoloni ikadai kodi ya kibanda kwa rupia hizo hizo. Kodi hiyo iliwasukuma wengi kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya walowezi, Njoro, Rongai na Molo.

Rupia yenyewe ilikuwa madini ya fedha hasa. Ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, na sehemu 11 kati ya 12 zilikuwa fedha safi, yaani karibu gramu 10.7.

Miaka mingi rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia bei ya fedha ikapaa, rupia ikapaa nayo, na mwaka 1920 serikali ikaikazia kwenye shilingi mbili za Kiingereza. Walowezi walilia sana. Kitani na mahindi yao yaliuzwa kwa pauni, madeni yao ya benki yalikuwa ya rupia: deni la rupia 1,500, lililokuwa pauni 100, likawa pauni 150. Kilio chao kimejaa katika vitabu vya historia. Mimi namfikiria kibarua.

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilileta sarafu mpya ya florini mwaka 1920. Uzito wake ulilingana na wa rupia, lakini fedha ilikuwa nusu tu. Ikafuata shilingi ya 1921, yenye simba mbele ya milima, na ndani yake robo tu ya fedha. Rupia moja ilihesabiwa kuwa shilingi mbili. Kwa hiyo aliyetoa rupia yake, gramu 10.7 za fedha, alirudishiwa sarafu mbili zenye jumla ya gramu zisizofika nne.

Wakati huohuo kodi ilipanda kutoka rupia 5 hadi 8, ambazo ni shilingi 16, na mwaka 1921 waajiri wa kizungu wakaafikiana kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Hasira iliyozuka ndiyo iliyombeba mwanaharakati Harry Thuku. Alipokamatwa Machi 1922, waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi. Baadaye mwaka huo kodi ilishushwa hadi shilingi 12.

Pale Hyrax Hill, nje kidogo ya mji wa Nakuru, uchimbaji wa Mary Leakey wa 1937 na 1938 ulifukua hata sarafu za Kihindi. Nyingine bado ziko majumbani. Ukiikuta rupia katika sanduku la nyanya yako, usimpelekee sonara aiyeyushe. Muulize nyanya aliipata wapi na kwa kazi gani, kisha uandike jibu lake.