Nyumba ya ndoa baada ya talaka (Tanzania Bara)

Nyumba ya ndoa ni makazi ambamo mume na mke waliishi pamoja. Ndoa ikivunjika, mazoea ya sehemu nyingi za Tanzania humtaka mke afungashe virago na kurudi kwao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haina sharti hilo. Haimtaji mume wala mke kuwa ndiye wa kuondoka. Mahakama huamua kulingana na shauri lililo mbele yake.

Kwa sheria hiyo, ndoa iliyofungwa nchini huvunjika kwa amri ya mahakama. Hata talaka ya Kiislamu iliyokwisha kutamkwa hufikishwa huko, baada ya baraza la usuluhishi wa ndoa kuthibitisha kwamba suluhu imeshindikana. Kwa hiyo mume aliyetamka talaka usiku hana mamlaka ya kumtoa mkewe nje asubuhi. Kifungu cha 59 humkataza mwenye nyumba kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, na mwenza huyo anaweza kuweka zuio kwenye usajili wa hati.

Kinga hiyo hudumu muda wa ndoa tu. Hapa ndipo wengi wanapoumia: mtu anadai talaka peke yake, anaipata, kisha hana cha kushikilia. Dai la mgawanyo wa mali, chini ya kifungu cha 114, ni vyema liende sambamba na dai la talaka. Mahakama huangalia mila za jamii ya wanandoa, mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyobebwa kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya hapo huelekea kwenye usawa. Nyumba aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa nayo huingia kwenye hesabu, iwapo iliboreshwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa juhudi za wote wawili.

Kazi za nyumbani zilihesabiwa rasmi kuwa mchango mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Kupika, kufua na kulea vikapata uzito mbele ya sheria, na wanawake wengi wamesimama juu ya uamuzi huo tangu wakati huo.

Kinachobaki ni ushahidi, na ushahidi kwa kawaida umo ndani ya nyumba yenyewe: risiti za saruji na mabati, karatasi ya mauziano ya kiwanja iliyosainiwa kwa mjumbe, daftari la malipo ya fundi. Anayeondoka kwa hasira na begi la nguo huviacha vyote mikononi mwa mdaiwa wake. Kuondoka hakufuti haki yake, ila kuithibitisha kunakuwa kugumu, hasa pale nyumba ilipojengwa kwenye kiwanja cha wakwe, ambapo ukoo hudai ardhi si ya mume.

Katika Uislamu, aya ya kwanza ya Surat at-Talaq inakataza wake walioachwa kutolewa majumbani mwao wakiwa katika eda, isipokuwa wakifanya uchafu ulio wazi, na wao wenyewe wasitoke. Kumrudisha mke kwa wazazi siku ileile ya talaka, jambo linaloonekana la kawaida katika miji mingi ya pwani, kunapingana na aya hiyo. Lamu, upande wa Kenya, mambo huweza kugeuka kabisa: katika familia za mji wa kale baba alimpa binti nyumba alipoolewa, mume akahamia humo, na ndoa ikiisha aliyetoka ni yeye.

Nyumba ya kupanga hufuata mkataba na mwenye nyumba. Ile ya mwajiri hufuata ajira, hivyo aliyeoa au kuolewa na mwajiriwa ndiye huhama, ingawa bado anaweza kudai matunzo na mgawo wa mali nyingine.