Mjomba, kesho utakuja nayo?

Bumu halijaingia na mitihani iko mlangoni, ila kuna kitu kinanisumbua tangu nirudi kutoka mazoezi ya kufundisha, kule kwetu Buganguzi, Muleba.

Jioni moja nilimfungulia mpwa wangu wa darasa la tatu hadithi kwenye simu yangu. Akasoma, akarudia. Mara watoto 6 wamenizunguka, na simu ikazima chaji. Akaniuliza, "Mjomba, kesho utakuja nayo?"

Jamani, swali hilo lina historia. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Maktaba za mikoa nazo zikaja, na Bukoba mjini ipo. Lakini mtoto wa Buganguzi nani atampa nauli akaazime hadithi Bukoba?

Vijijini vitabu viliingia na kisomo cha watu wazima. Mwaka 1968 mradi wa UNESCO ulianza kanda ya Ziwa, na mkoa wetu, wakati ule ukiitwa Ziwa Magharibi, ulikuwemo. Zikafuata maktaba za vijijini, ili waliojifunza kusoma wasisahau. Humo kulikuwa na kilimo bora na afya, mambo ya wakubwa. Miaka ya 1980 uchumi ukayumba, vitabu vikachakaa, vipya havikuja.

Watoto walikumbukwa zaidi mwaka 1991, ulipoanza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania. Halafu 2014 ikazinduliwa African Storybook ya Afrika Kusini: hadithi za bure mtandaoni, Kiswahili kimo, unapakua, unaprinti, hata kutafsiri kwa Kihaya ruksa. Wakati huohuo wenzetu wa magharibi mwa Kenya walikuwa na mradi wa Worldreader kwenye maktaba 8, watoto wanasomea Kindle. Kilichonivutia ni kwamba wakutubi nao walifundishwa namna ya kuwasomesha watoto, hawakuachiwa mashine tu.

Hapo ndipo somo lilipo. Kitabu cha kwenye skrini hakichakai, ila kinazima. Maktaba za babu zetu zilikufa kwa kukosa mtu wa kuleta kingine, na hizi za umeme zitakufa hivyohivyo tusipoangalia. Sisi tunaosomea ualimu ndio tutaulizwa.

Mimi nimeprinti hadithi 4, nimempa konda wa basi la Bukoba azifikishe. Simu nitakwenda nayo likizo, chaji imejaa.

Nawasilisha.