Lakabu ya Shuleni na Historia Yake: Mfano wa Pelé

Lakabu ya kudumu aghalabu hutungwa na wenzi, si na mwenye kuitwa. Edson Arantes do Nascimento, aliyezaliwa Brazili mwaka 1940, nyumbani aliitwa Dico. Kwa maelezo yake mwenyewe, utotoni alivutiwa na Bilé, golikipa wa timu aliyochezea baba yake, lakini jina hilo alilitamka vibaya. Wanafunzi wenzake wakamdhihaki kwa kumwita Pelé. Alichukia, akampiga mmoja wao ngumi, akasimamishwa masomo siku mbili. Yamkini hasira hiyo ndiyo iliyolikaza jina, kwani mzaha usiomuudhi mtu husahaulika upesi.

Mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka 17, alitwaa Kombe la Dunia kwa jina hilohilo. Baadaye Mghana Abedi Ayew akaitwa Abedi Pele. Kejeli ya darasani ikawa heshima barani Afrika.

Basi maana ya lakabu haimo katika asili yake pekee, bali pia katika matumizi ya jamii. Kwa hiyo, kumbukumbu za wanamichezo wa Afrika Mashariki zisihifadhi majina rasmi tu. Zieleze pia nani aliitunga lakabu na mwenyewe aliipokeaje, maadamu mashahidi wangali hai.